Vegani maana yake nini hasa, na utajuaje kama chakula ni cha kivegani

Chukua kopo la krimu ya unga, ile inayotiwa kwenye kahawa na wasiotaka maziwa. Upande wa mbele, kwa herufi kubwa, limeandikwa kwamba hii si bidhaa ya maziwa. Ligeuze usome viambato. Baada ya sukari na mafuta ya mimea, mara nyingi utakutana na kazeinati ya sodiamu, ambayo ni protini iliyotengwa kutoka kwenye maziwa ya ng'ombe. Nchini Marekani kanuni zinamtaka mtengenezaji aeleze pembeni ya jina hilo kwamba asili yake ni maziwa, lakini hazimzuii kuandika mbele ya kopo kwamba bidhaa si ya maziwa. Anayesoma mbele tu anaondoka na jibu moja, na anayesoma nyuma anaondoka na jingine.

Nimeanza na kopo hilo kwa sababu watu wengi wakisikia neno vegani hufikiri ni mtu asiyekula nyama, basi. Huyo ni mlaji mboga, na walaji mboga wengi hunywa maziwa na kula mayai bila shida. Vegani anaacha kila kitokacho kwa mnyama: nyama na samaki, ndiyo, lakini pia maziwa, siagi, samli, jibini, mayai na asali. Neno lenyewe lilizaliwa Uingereza mwezi Novemba 1944, pale Donald Watson na wenzake wachache walipoanzisha The Vegan Society. Walichukua herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno la Kiingereza vegetarian, wakalifanya jina la wale waliotaka kwenda mbali zaidi ya kuacha nyama. Ufafanuzi ambao chama hicho kinautumia leo unasema ni kuepuka kuwatumia na kuwatesa wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Hilo la "kadiri inavyowezekana" si mwanya wa kukwepea. Liliwekwa na watu waliojua kwamba mnyama amepenyezwa mahali pengi mno.

Kwa hiyo unapokipima chakula au kinywaji, unauliza mambo matatu. Kimetengenezwa na nini? Hicho kilichotumika asili yake ni nini? Na kilipokuwa kiwandani, kilipitishwa kwenye nini? Lebo hujibu swali la kwanza vizuri, la pili nusunusu, na la tatu karibu halijibu kabisa.

La kwanza ni la macho na subira. Tambi kavu kwa kawaida ni ngano na maji, ila tambi mbichi mara nyingi zina mayai. Chokoleti nyeusi inaweza kuwa na mafuta ya maziwa. Viazi vya kukaanga vya pakiti vyenye ladha hata isiyohusiana na maziwa vinaweza kuwa na unga wa maziwa uliobeba viungo. Sosi ya Worcestershire ya asili ina samaki wadogo waliochachushwa. Maziwa "yasiyo na laktosi" ni maziwa ya ng'ombe yaleyale, yaliyotiwa kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa ili tumbo la asiyeiweza lisisumbuke. Yanamfaa huyo, hayamfai vegani.

Swali la pili ndipo watu wanapochoka, kwa sababu ya majina na namba. Wapo wanaokariri kwamba namba zinazoanza na herufi E, zile za viongezwa vya chakula kwenye lebo, zote ni mbaya, na hilo si kweli. Tazama rangi nyekundu. E162 ni rangi ya kiazisukari chekundu, kile cha saladi, basi. E120 nayo ni nyekundu, inaitwa karmini, na inatokana na wadudu wadogo wa kike wanaoishi kwenye mpungate, hasa nchini Peru. Wadudu hukwanguliwa kwenye mmea, wakakaushwa, wakasagwa. Ili kupata nusu kilo ya rangi wanahitajika takriban 70,000. Mwaka 2012 Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa, walitangaza kuiacha rangi hiyo na kutumia ya nyanya, baada ya wateja kugundua kilichokuwa kinavipa vinywaji vyao uwaridi. Hizo ni namba mbili zinazotoa wekundu unaofanana kwa macho, na tofauti kati yake ndiyo tofauti kati ya chakula cha vegani na kisicho chake.

Nyingine za kukumbuka ni E904, yaani shelaki, utomvu wa mdudu unaong'arisha peremende na vidonge. E901, nta ya nyuki. Na gelatini, inayochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, ambayo ndiyo huzipa pipi za kutafuna ule mnepo na hutengeneza ganda laini la vidonge vingi. Vitamini D3 inayoongezwa kwenye nafaka za asubuhi mara nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, ingawa ipo pia inayotokana na likeni, kiumbe kama kuvu kinachoota juu ya mawe na magome ya miti. D2 hutokana na uyoga au hamira.

Kisha kuna zile zisizosema. E471, inayosaidia mafuta na maji kuchanganyika, hutengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo yanaweza kuwa ya mmea au ya mnyama. Jina kwenye lebo ni lilelile. E920, inayolainisha kinyunga cha mkate, inaweza kutoka kwenye manyoya ya ndege au ikazalishwa kwa uchachushaji wa bakteria. Hapa hakuna orodha ya kwenye simu itakayokusaidia, kwa sababu hata mwenye orodha hajui kiwanda kilinunua malighafi kwa nani. Kuna njia moja tu: kumuuliza mtengenezaji. Na swali liwe la moja kwa moja. Ukiuliza "je, bidhaa yenu ni salama kwa wasiokula nyama?" utajibiwa ndiyo, na hutakuwa umejua lolote. Uliza, "E471 mnayotumia imetokana na mafuta ya mmea gani?"

Swali la tatu, la kiwandani, ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa hapa mnyama hutumika bila kubaki ndani ya chakula. Divai changa huwa na ukungu: protini, chembe za hamira, vitu vinavyoelea. Njia ya zamani ya kuisafisha ni kutia kitu kinachonasa chembe hizo na kuzama nazo chini, kisha divai safi iliyo juu ikamiminwa na kuuacha mashapo chini. Kitu hicho kinaweza kuwa ute wa yai, protini ya maziwa, gelatini, au vibofu vya hewa vya samaki vilivyokaushwa. Bia nayo imesafishwa kwa vibofu hivyo kwa vizazi. Ukiinua bilauri dhidi ya mwanga unaona kinywaji kilichong'aa, zabibu au shayiri tupu, na samaki aliyekifanya king'ae haonekani popote.

Umoja wa Ulaya unataka divai itaje mayai na maziwa kama mabaki yake yanagundulika, kwa ajili ya wenye mzio. Vibofu vya samaki vinavyotumika kusafishia bia na divai vimesamehewa, havitajwi. Mwaka 2015 watengenezaji wa bia ya Guinness walitangaza kubadili mtambo wa kuchujia ili waachane navyo, na kinywaji kikabaki kilekile. Wapo watengenezaji wanaotumia udongo wa bentonaiti au protini ya njegere, na wapo wanaoiacha divai itulie yenyewe. Njia zipo.

Sukari ndiyo inayowashangaza wengi. Baadhi ya viwanda huing'arisha sukari ya miwa kwa kuipitisha kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaofyonza rangi. Mfupa haubaki kwenye sukari. Viwanda vingine hutumia mkaa usio wa mifupa, na sukari ya viazisukari haihitaji mkaa wa mifupa kabisa. Usidanganyike na rangi ya kahawia pia, maana sukari ya kahawia inaweza kuwa ile nyeupe iliyorudishiwa molasi. Mavegani hawakubaliani kuhusu jambo hili: wengine huikwepa, wengine huona kuifuatilia sukari ndani ya kila biskuti ni nje ya uwezo wao. Mimi nawaelewa wa pili, na ninaponunua sukari ya nyumbani nauliza.

Alama kwenye pakiti husaidia. Ile ya The Vegan Society hutolewa baada ya mtengenezaji kueleza viambato na michakato yake, na tangu 2021 kipo kiwango cha kimataifa, ISO 23662, kinachoeleza vigezo vya chakula cha walaji mboga na mavegani. Lakini neno "vegani" ambalo kampuni imejiandikia yenyewe lina uzito wa kampuni hiyo tu.

Limebaki jambo ambalo linaweza kumgharimu mtu maisha. Maandishi kama "inaweza kuwa na chembe za maziwa" hayasemi kwamba maziwa ni kiambato. Yanasema mashine zilezile hutengeneza pia vitu vyenye maziwa, na chembe inaweza kupita. Vegani anaweza kula chakula hicho bila kuvunja anachokiamini, kwani hakuna aliyekusudia kumtumia mnyama. Mwenye mzio wa maziwa hawezi. Na kinyume chake pia: alama ya vegani haikuwekwa kumlinda mwenye mzio, kwa sababu inaeleza nia na mapishi, haipimi chembe. Uingereza, mwaka 2017, mama mmoja mwenye mzio mkali wa maziwa alifariki baada ya kula mkate uliouzwa kama usio na maziwa. Mtindi wa nazi uliokuwa ndani yake ulikuwa umeingiwa na protini ya maziwa kupitia malighafi. Ukimpikia mgeni akakwambia hali maziwa, muulize kwanza kama ni imani au ni mzio, halafu ndipo ushike pakiti usome.