Mita ya pH na mita ya EC kwenye haidroponiki: zinapima nini, uchague ipi, uitunze vipi

Ukisikia wakulima wa haidroponiki, yaani kilimo cha kwenye maji yenye mbolea bila udongo, wakiulizana "maji yako yanasoma ngapi?", wanaulizana namba mbili: pH na EC. Ya kwanza inaeleza maji yana tindikali kiasi gani, ya pili inaeleza yamebeba chumvi za mbolea kiasi gani. Kwa kuwa hakuna udongo wa kupunguza makali ya makosa, mizizi inaweza kukaa na njaa ndani ya tangi lililojaa mbolea endapo namba hizo haziko sawa. Na zote mbili hutoka kwenye kifaa kidogo ambacho wengi hukinunua mara moja, wakakisahau, na bado wakaendelea kukiamini.

Tuanze na pH. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Carlsberg, kampuni ya bia ya Copenhagen. Kwa kawaida huhesabiwa kutoka 0 hadi 14: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Jambo ambalo watu hulipita haraka ni kwamba kila hatua moja ni mara 10. Maji ya pH 5 yana tindikali mara 10 kuliko maji ya pH 6, kwa hiyo mita iliyopotoka kwa nusu hatua tu imekosea zaidi ya mara 3. Mazao mengi ya haidroponiki hustawi pH ikiwa kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda sana kupita hapo, madini ya chuma, manganizi na fosforasi huanza kujitenga na maji na kutuama chini, ambako mizizi haiwezi kuyanyonya. Majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mkulima huongeza mbolea wakati mbolea ipo.

EC ni uwezo wa maji kupitisha umeme. Maji matupu hupitisha umeme kidogo mno. Chumvi zikiyeyuka ndani yake, umeme hupata njia. Kizio chake ni milisimensi kwa sentimita, mS/cm. Letasi huridhika na takriban 0.8 hadi 1.2, nyanya zinazozaa hutaka 2.0 na kuendelea. Lakini EC haijui chumvi ni ya aina gani. Chumvi ya mezani nayo huipandisha namba, na tangi ambalo limekuwa likiongezewa maji na mbolea kwa muda mrefu bila kubadilishwa linaweza kusoma vizuri kabisa huku limejaa sodiamu ambayo mimea iliikataa. EC inakupa kiasi, haikupi orodha ya vilivyomo.

Hapa ndipo ppm, yaani sehemu kwa milioni, inapowavuruga watu. Mita inayoonyesha ppm, ile inayoitwa ya TDS, haipimi uzito wa chumvi. Inapima EC ileile, kisha inaizidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani. Baadhi ya watengenezaji hutumia 500, wengine 700. Maji ya EC 2.0 yatasoma ppm 1000 kwenye mita moja na ppm 1400 kwenye nyingine, na zote mbili ziko sahihi. Mtu akikupa kipimo kwa ppm bila kusema ametumia namba ipi, hajakuambia kitu. Ushauri wangu ni kuacha ppm na kusoma EC moja kwa moja.

Sasa mita yenyewe. Ncha ya mita ya pH, iitwayo elektrodi, ni kitone cha kioo chembamba mno. Sehemu ya nje ya kioo hicho ikilowa, hutengeneza utando unaoitikia tindikali kwa kuzaa volti ndogo, kama milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH kwenye joto la nyuzi 25. Pembeni yake kuna elektrodi ya pili iliyozamishwa kwenye chumvi ya potasiamu kloridi, ambayo hukutana na maji ya nje kupitia kitundu chenye vinyweleo. Mita inasoma tofauti ya volti kati ya hizo mbili na kuigeuza kuwa pH. Tabu ni kwamba kioo huzeeka, chumvi ya ndani huvuja polepole, vinyweleo huziba, na volti huhama. Skrini haikwambii hayo. Ni sawa na saa ya ukutani iliyochelewa: mishale inazunguka vilevile.

Ndiyo maana ya kukalibreti: kuionyesha mita maji ambayo pH yake inajulikana, yaani bafa, ili ijipange upya. Kwa haidroponiki bafa mbili zinatosha, 7.00 na 4.00, kwa sababu pH unayoitaka iko katikati yake. Soma pakiti kwa makini, maana baadhi ya seti huja na 6.86 badala ya 7.00, na mita iliyoambiwa hiyo ni 7.00 itakuwa imefundishwa uongo. Mimina bafa kidogo kwenye kikombe safi, uchovye elektrodi, uikoroge taratibu, kisha usubiri namba itulie ndipo uthibitishe. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, kung'uta matone, halafu nenda kwenye 4.00. Usifute kitone cha kioo kwa kitambaa. Kusugua hukiachia chaji ya umeme inayoyumbisha usomaji. Bafa iliyotumika imwage. Kuirudisha kwenye chupa ni kuiharibu chupa nzima.

Tazama pia inachukua muda gani kutulia. Elektrodi nzima hufika ndani ya sekunde chache; ikianza kutambaa kwa dakika nzima, aidha ni chafu au inaelekea mwisho. Mita nzuri huonyesha nguvu ya elektrodi kwa asilimia baada ya kukalibreti. Ikishuka chini ya 85 hata baada ya kusafishwa, tafuta elektrodi nyingine.

Kwenye kununua, kosa linaloenea ni kuangalia desimali. Mita inaweza kuandika 6.03 huku maelezo yake yakisema usahihi ni ±0.2, na hapo ile 3 ya mwisho ni mapambo. Kwa bustani, usahihi wa ±0.1 unatosha kabisa. Ninachokitanguliza mimi ni elektrodi inayobadilishika. Elektrodi ya pH kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi miwili, na huzeeka hata ikikaa kabatini bila kutumika, kwa hiyo mita ambayo elektrodi yake haichomoki ni mita ya kutupwa. Cha pili ni kukalibreti kwa alama mbili, yaani kwa bafa mbili. Cha tatu ni mwili usiopitisha maji, kwa sababu iko siku itadumbukia kwenye tangi.

Mita ya EC haina makuu hivyo, na hata ya bei ndogo hufanya kazi ya heshima, mradi iwe na fidia ya joto, yaani irekebishe namba kulingana na joto la maji. EC hupanda kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Bila fidia, tangi lililosoma vizuri alfajiri likiwa nyuzi 18 litaonekana limezidi kwa karibu asilimia 20 mchana likifika nyuzi 28, wakati hakuna aliyeligusa. Kwa mita ya pH fidia hiyo husaidia pia, ila hurekebisha tabia ya elektrodi tu. Ukiwa na bajeti finyu, okoa kwenye EC, pesa uiweke kwenye pH na bafa zake.

Utunzaji wa mita hizi mbili unapingana, na hapo ndipo nyingi hufia. Elektrodi ya pH lazima ilale ikiwa na unyevu: weka matone ya maji ya kuhifadhia, yaani potasiamu kloridi, kwenye spongi ya kofia yake. Ukikosa, bafa ya 4.00 inafaa kwa muda. Kamwe usiihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa, kwani hunyonya chumvi ya ndani. Ukifungua kofia ukakuta ukoko mweupe wa chumvi, usishtuke. Hiyo ni potasiamu kloridi iliyokauka, isuuze uendelee. Ikikauka kabisa, iloweke kwa saa kadhaa kabla ya kukata tamaa. Mita ya EC ya kawaida, kinyume chake, hulala kavu. Ncha zake zifutwe mafuta kwa spiriti, na ikalibretiwe kwa myeyusho wa 1.413 mS/cm. Unapopima, itikise kidogo ndani ya maji kwanza, kwa kuwa kiputo cha hewa kilichonasa kati ya ncha hushusha namba.

Mpangilio wa kupima nao una maana. Changanya mbolea kwanza, soma EC, kisha ndipo urekebishe pH, kwa sababu mbolea yenyewe huisogeza pH. Ukitia tindikali, acha pampu izungushe maji kabla ya kusoma tena.

Mita mbili zikipingana, usichukue wastani. Zitumbukize zote kwenye bafa mpya ya 4.00, kisha ya 7.00, na ile iliyo mbali na bafa ndiyo mkosaji. Ukikuta elektrodi inasoma namba ileile, karibu na 7, kwenye bafa zote mbili, kuna uwezekano mkubwa kioo kimepasuka, hata kama ufa hauuoni kwa macho. Hiyo haisafishwi wala haikalibretiwi, inabadilishwa.