Kompyuta Haimrudishii Mwimbaji Sauti ya Ujanani

Bendi kongwe za roki zinazorudi studio baada ya miaka 20 au 30 huja na kauli ileile: "Tutapiga kwa kii (kimo cha noti cha wimbo) ya zamani, sauti ikigoma fundi ataiweka sawa kwenye kompyuta." Hataiweka.

Auto-Tune, programu ya kompyuta ya kurekebisha sauti, hunyoosha noti iliyopinda kidogo. Haiongezi pumzi, wala haiondoi mkazo wa koo la mtu anayeilazimisha noti. Umri hukaza gegedu za kikoromeo na kupunguza nguvu ya mapafu, na noti za juu ndizo hutangulia kuondoka. Kuushusha wimbo mzima kwa kompyuta baada ya kurekodi ni kubaya zaidi: matoazi hufifia, pigo la dramu hupoteza makali, mwimbaji husikika kama mtu mwingine.

Kii huamuliwa mazoezini, kabla ya kufunga maikrofoni hata moja. Mwimbaji apashe koo, aimbe dakika 40, kisha arudie mara 10 mfululizo kiitikio cha wimbo mgumu kuliko zote. Noti ya juu anayoifikia mara ya 10 bila kukaza shingo ndiyo mpaka wenu. Shusheni ala zifuate hapo.

Kushusha nako kuna kazi yake. Ukilegeza nyuzi za gitaa nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda), mkazo hupungua kwa takriban asilimia 11. Toni nzima, takriban 21. Mpiga gitaa aliyezoea seti ya 10 (uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010) ataona nyuzi zinagonga freti, yaani vyuma vya shingo ya gitaa, na noti zinapanda akibonyeza kwa nguvu. Kwa toni nzima weka seti ya 11, nene zaidi. Mkazo unarudi karibu na ule wa mwanzo. Kisha kagua mpindo wa shingo ya gitaa, na ulinganishe noti ya freti ya 12 na harmoniki yake (mlio unaotoka ukigusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo), uzi mmoja mmoja. Anayeona aibu akumbuke kwamba Black Sabbath, bendi ya roki ya Uingereza, walishusha magitaa nusu toni tatu mwaka 1971, wakiwa vijana.

Siku ya kuimba, anzeni na viitikio koo likiwa halijachoka, beti zifuate. Muda wa saa mbili tu, basi. Narudia: muda wa saa mbili.

Mtasikia na kauli nyingine. "Bila wote wa mwanzo si bendi." Mwaka 2013 Black Sabbath walitoa albamu bila Bill Ward, mpiga dramu wao wa mwanzo; dramu alipiga Brad Wilk, na ikashika namba moja Uingereza na Marekani. La kuwaumiza kichwa ni nani mwenye haki ya jina la bendi. Liandikwe kabla ya kurekodi.

"Tunajuana, mazoezi ya nini?" Mnazijua nyimbo za zamani. Mpya hakuna anayezijua.

"Sauti yetu ilikuwa kwenye tepu." Tepu yenye upana wa inchi 2 na urefu wa futi 2500, kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde, huisha ndani ya dakika 17. Kabla ya kufikiria tepu, badilisheni ngozi za dramu, na mrekebishe mlio wake upya kila baada ya nyimbo mbili.

"Kila mtu arekodi kwake, atume faili." Magitaa ya nyongeza, sawa. Dramu na besi wakae chumba kimoja wakionana, kwa sababu mpiga besi anayepiga juu ya dramu zilizokwisha kurekodiwa hufuata tu. Hawezi kumzuia mwenzake kwenye beti wala kumsukuma kiitikio kinapoingia.