Kifungu cha 1207: fedha za jeshi, kazi ya raia

Katika bajeti za mwaka 2006 hadi 2010, sheria iliiruhusu Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuihamishia Wizara ya Mambo ya Nje hadi dola milioni 100 kila mwaka. Fedha hizo zilikwenda kwenye kazi za kurejesha utulivu na ujenzi mpya katika nchi zenye machafuko au zilizo ukingoni mwa machafuko. Fungu lilikuwa la jeshi, lakini miradi ilibuniwa na kusimamiwa na raia. Mpango huo ulijulikana kwa namba ya kifungu chake katika sheria ya ulinzi, 1207.

Mtu asizichanganye na fedha za makamanda, zile ambazo maofisa wa jeshi walizigawa wenyewe Iraq na Afghanistan, hapa daraja, pale kisima. Huko anayelipa ni mtu mwenye bunduki. Kwenye 1207 ubalozi ndio ulioandaa pendekezo, wizara zikalijadili Washington, na utekelezaji ukaangukia mikononi mwa wanadiplomasia, USAID (shirika la misaada la Marekani) na makandarasi wao.

Kwa nini fedha zipitie jeshini? Mwaka 2004 Wizara ya Mambo ya Nje ilianzisha ofisi ya kuratibu ujenzi mpya na utulivu, kisha serikali ikaomba mfuko wa dharura wa dola milioni 100. Bunge likaunyima. Kiasi hicho hicho kilipoombwa kupitia sheria ya ulinzi, kikapita. Waziri wa Ulinzi Robert Gates aliieleza tofauti hiyo ya nguvu bila kuficha mwaka 2007: bajeti nzima ya mambo ya nje, dola bilioni 36, ilikuwa ndogo kuliko matumizi ya Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, kwa huduma za afya peke yake, na maofisa wote wa diplomasia, kama 6,600, hawakufikia idadi ya watu wa kikosi kimoja cha manowari ya kubeba ndege.

Mfano ninaouona wazi kuliko yote ni Haiti, kwenye kitongoji cha Cité Soleil, pembeni mwa mji mkuu Port-au-Prince. Magenge yalikuwa yamekishika na polisi wamekikimbia. Mapema mwaka 2007 askari wa Umoja wa Mataifa waliyavunja nguvu, na hapo ndipo fedha za 1207 zilipoingia: vibarua kwa vijana, ukarabati, vifaa na mafunzo kwa polisi warudi kazini. Tazama mpangilio wake. Askari anafungua njia, ila mkazi anayeamka asubuhi anataka polisi wa nchi yake na ujira wa siku. Hilo si kazi ya kamanda, hata akiwa na nia njema.

Georgia nayo, baada ya vita vyake na Urusi vya Agosti 2008, ilitengewa nyongeza ya dola milioni 50.

Hata hivyo, naamini wakosoaji walikuwa na hoja nzito. Mwenye fungu ndiye mwenye neno la mwisho, na mahitaji ya kijiji hupimwa kwa jicho la usalama wa Marekani. Mfanyakazi wa misaada naye huhatarishwa pale wenyeji wanaposhindwa kumtofautisha na jeshi.

Baadaye mfuko mwingine wa wizara hizo mbili ulipitishwa katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa bajeti 2012, nao, kwa sadfa, chini ya kifungu cha 1207. Safari hii Waziri wa Mambo ya Nje ndiye aliyeanzisha miradi, kwa ridhaa ya mwenzake wa Ulinzi, na kila mradi ulikuwa na mgawo wake: Ulinzi isizidi asilimia 80, Mambo ya Nje isipungue asilimia 20.