Kabla Hujafika Uwanja wa Ndege wa Kisumu

Msimu wa sikukuu ukikaribia, malalamiko kwenye dawati letu hapa uwanjani huongezeka: pawabenki (betri ya kubebea ya kuchajia simu) imetolewa begini, samaki wamekataliwa, ndege imemwacha abiria na tiketi anayo mkononi. Tunaomba tueleze, maana mengi yanayosambazwa kuhusu ukaguzi si kweli.

Kisumu imepokea wasafiri wa angani tangu 1931, shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari za London hadi Mwanza na ndege za majini zikawa zinatua Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Uwanja wa leo, kando ya barabara ya Busia, una njia ya kurukia iliyorefushwa kutoka takriban kilomita 2 hadi 3.3, na jengo jipya la abiria lililoanza kutumika 2011. Uwanja una hadhi ya kimataifa, lakini hiyo haimaanishi kwamba ndege ya Dubai inakungoja hapa. Safari nyingi za ratiba ni za ndani ya nchi, hasa Nairobi.

Sasa pawabenki. Haiwekwi kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta, hata iwe ndogo namna gani. Betri ya lithiamu ikishika moto chini kwenye mizigo, hakuna wa kuifikia. Ikiwa kabini, wahudumu wamefunzwa kuuzima. Kipimo ni wati-saa: chukua mAh (ujazo wa betri) zilizoandikwa juu yake, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, na chochote kati ya 100 na 160 kinahitaji idhini ya shirika la ndege, inayoombwa mapema, si ukiwa umesimama mbele ya mashine ya ukaguzi. Ikizidi 160, haipandi. Kugombana na afisa hakubadilishi hesabu hiyo.

Samaki hawajapigwa marufuku. Tumelisema hili mara nyingi. Kinachokataliwa ni maji: mbuta aliyefungwa na barafu ndani ya gazeti huanza kuchuruzika kabla ndege haijaondoka, na harufu ikaingia mabegi ya wenzako. Mgandishe usiku kucha, mtie kwenye kikasha chenye mfuniko unaobana, na uulize shirika lako masharti yake. Mfuko wa plastiki wa kubebea usije nao. Umekatazwa nchini tangu 28 Agosti 2017, na adhabu iliyotangazwa ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili.

Saa ya kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka. Kaunta hufungwa kabla ya hapo, na wanaoifunga ni shirika la ndege, si walinzi wa langoni. Unayetoka Siaya au Mbale ya Vihiga, hesabu pia msongamano wa barabarani. Njoo na kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu.

Mzee au mgonjwa anayehitaji kiti cha magurudumu, liarifu shirika wakati wa kukata tiketi, ili mhudumu awe tayari mlangoni gari likisimama.