Kuongeza msongo wa laini ya umeme maana yake nini?

Bwawa la Nyerere kule mto Rufiji lina mashine 9, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115, sasa mbona kuna sehemu jioni taa bado zinafifia na friji haziwaki? Swali la haki kabisa. Shida ni kwamba kuzalisha umeme ni kazi moja na kuufikisha ni nyingine, na hii ya pili inabebwa na zile laini za minara mirefu ya chuma zinazokatiza maporini.

Waya ukipitisha umeme unapata joto, na joto hilo ni umeme umeshazalishwa kwa gharama halafu unapotea njiani bila kumfikia mtu. Tena upotevu unakua vibaya, mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachotiririka kwenye waya, ukiwa mara mbili upotevu unakuwa mara nne. Dawa yake ni kupandisha msongo, yaani volti, maana umeme uleule kwenye volti kubwa unasafiri kwa mkondo mdogo. Ukitoka kilovoti (volti elfu) 220 ukaenda 400, kwa mzigo uleule na waya wa aina ileile, upotevu unashuka hadi kama asilimia 30 ya ule wa mwanzo, na hapo hujajenga hata mtambo mmoja!

Ila minara na waya peke yake havitoshi. Laini ya Iringa, Dodoma, Singida mpaka Shinyanga, kama kilomita 670 hivi, ilijengwa kwa kilovoti 400 lakini ikaanza kazi kwa 220, ikisubiri kwanza vituo vya kupoza umeme vipanuliwe na kufungwa transfoma za kuhimili msongo huo. Hiki kipande watu hawakioni, na mimi nakiona ndo muhimu kuliko vyote.

Sasa 2025 wengi walikasirika kusikia kanda ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya wakati tuna bwawa letu. Rufiji na Arusha ni mbali, umeme unazunguka katikati ya nchi ndo upande kaskazini. Ule wa Ethiopia unafika Kenya kwa laini ya DC, yaani umeme unaotiririka upande mmoja tu, ya kilovoti 500, kilomita 1,045, na DC kwa safari ndefu hivyo inapoteza kidogo, kisha kuna laini ya kilovoti 400 kutoka Isinya hukohuko Kenya kupita Namanga na Arusha hadi Singida. Kununua si aibu, laini hiyohiyo inaweza pia kupeleka wa kwetu Kenya, ila kwa ndani ile ya Chalinze kwenda Dodoma, kilovoti 400 nayo, ndo ya kusukumwa kwa nguvu zote.