Mfanyakazi wa huduma muhimu ni nani wakati wa janga?

Mfanyakazi wa huduma muhimu ni mtu ambaye kazi yake ikisimama, uhai, usalama au afya ya watu huingia hatarini kabla mbadala haujapatikana. Ndiyo maana siku serikali inapotangaza watu wakae majumbani, yeye huruhusiwa kutoka, na mara nyingi hulazimika kutoka. Sifa hiyo hufuata kazi, haifuati cheo. Mkurugenzi wa hospitali anaweza kukaa kwake wiki mbili akiendesha mambo kwa simu, na wagonjwa wakaendelea kutibiwa. Mfuaji wa nguo za wodini hawezi. Akikosekana siku mbili mashuka safi yanaisha, na kitanda kisicho na shuka safi hakipokei mgonjwa mpya.

Neno hili lilienea midomoni mwa watu mwaka 2020, korona ilipoingia, lakini wanasheria wa kazi walikuwa nalo tangu zamani, tena kwa maana nyingine. Shirika la Kazi Duniani, ILO, huita muhimu zile huduma ambazo zikikatizwa zitahatarisha uhai, usalama au afya ya wananchi wote au sehemu yao. Kwa kipimo hicho nchi huandika orodha ya kazi ambazo haki ya kugoma imewekewa mipaka. Tanzania Bara imeiweka kwenye kifungu cha 77 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga, na usafiri wowote unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Kenya ina orodha ya namna hiyo katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007.

Kwa hiyo neno moja lina pande mbili. Katika sheria ya kazi linamwambia mfanyakazi asigome. Katika amri ya janga linamwambia polisi amwache mtu apite. Orodha hizo hazilingani. Mhudumu wa supamaketi hamo kwenye orodha ya mgomo, lakini wakati wa kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, aliruhusiwa kutembea. Muuguzi yumo kwenye zote mbili, na hapo ndipo mzigo unapokuwa mzito kuliko wa wengine: hawezi kukaa nyumbani, na akidai vifaa vya kujikinga, silaha yake kuu ya kudai imefungwa.

Tanzania haikuweka amri ya kutotoka nje wakati wa korona, kwa hiyo mfano ulio wazi zaidi katika ukanda huu ni Kenya. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, nayo amri ilikuja na orodha ya wasioguswa: wahudumu wa afya, maafisa wa usalama na utawala, maafisa wa afya ya umma na usafi wa kaunti, maduka ya dawa, vyombo vya habari, kampuni ya umeme, wauzaji na wasafirishaji wa chakula na mazao ya shamba, supamaketi, wauzaji wa mafuta, kampuni za simu, benki na huduma za malipo, zimamoto na waokoaji, na kampuni za ulinzi zenye leseni.

Mawakili hawakuwemo. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 16 Aprili 2020 mahakama ikaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, ikalaani nguvu ambayo polisi walikuwa wameitumia kuisimamia, na ikaagiza wanachama wa chama hicho pamoja na mamlaka huru inayowasimamia polisi waingizwe kwenye orodha. Sababu yake inaeleweka mara moja: mtu akikamatwa saa nne usiku na kila wakili amefungiwa kwake, nani atafika kituoni?

Tuiangalie kazi moja kwa karibu, kwa sababu orodha ikisomwa juujuu huonekana imetosha. Mtungi mkubwa wa oksijeni, ule unaomfikia mtu mzima kifuani, ukijazwa hutoa takriban lita 6,800 za gesi. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika ataumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Anayevuta lita 15 kwa dakika ataumaliza kwa saa saba na nusu hivi. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 10. Mgonjwa wa lita 15 anahitaji lita 9,000 kwa muda huo, yaani mtungi mmoja na theluthi ya mwingine. Wodi yenye wagonjwa sita wa namna hiyo inakula karibu mitungi minane kabla ya alfajiri.

Mitungi hiyo haijileti. Kuna anayeijaza kiwandani, na kiwanda hicho hakiendi bila umeme. Kuna dereva wa lori, kuna wapakuzi wanaoiviringisha kwa ukingo wa kitako chake hadi mlangoni, na kuna fundi wa vifaa tiba anayefunga kidhibiti na kusikiliza kama gesi inavuja. Katika mlolongo wote huo, anayetambuliwa na kila askari kuwa mhudumu wa afya ni muuguzi aliye mwishoni. Dereva akizuiwa kwa saa tatu kwenye kizuizi cha barabarani, muuguzi huyo atabaki na mtungi mtupu mikononi.

Hili ndilo kosa kubwa la orodha nyingi: hutaja kazi ya mwisho inayoonekana na kuacha zile zinazoishikilia. Njia ya kulirekebisha ni kwenda kinyumenyume. Anza na mgonjwa, sahani ya chakula au bomba la maji, kisha uulize kimetoka wapi, kimeletwa na nani, kikiharibika anakitengeneza nani. Pili, pima kwa saa. Kazi ambayo ikisimama kwa muda wa saa nne mtu anakufa iandikwe kwanza. Ya siku tatu ifuate, mathalani usagaji wa unga au uzoaji wa taka za hospitali. Ya wiki tatu, kama ukarabati wa pampu ya maji iliyo na pacha wake, inaweza kupangiwa siku maalumu badala ya kibali cha kila siku. Fundi wa pancha huangukia kundi la kwanza bila mtu kumkumbuka, kwa kuwa lori la oksijeni lililopasuka tairi usiku halina mwokozi mwingine.

Uganda ilionyesha ugumu huo kwa namna nyingine. Mwishoni mwa Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa, kisha magari binafsi, na yaliyoruhusiwa yakapewa stika. Bodaboda zikabakishiwa mizigo tu. Wauza vyakula wa masoko ya Kampala waliambiwa walale sokoni, wasiende na kurudi; wakatandika kando ya meza zao na kufunga vyandarua. Chakula kiliendelea kupatikana mjini. Lakini mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu ilimlazimu kwanza atafute ruhusa ya mkuu wa wilaya ndipo gari limbebe, hadi sharti hilo lilipoondolewa. Daktari alikuwa kazini, wodi ilikuwa wazi, na njia ya kufika hapo ilikuwa imefungwa. Huduma isiyofikika haitofautiani na iliyosimama.

Kibali nacho kina ufundi wake. Barua ya mwajiri inayofaa huwa na jina kamili na namba ya kitambulisho, kazi anayofanya, mahali pa kazi na mahali anapoishi, saa za zamu yake, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na namba ya simu ya msimamizi. Kosa la kawaida ni kuweka namba ya ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni. Askari akipiga usiku haipokelewi, na mwenye barua anaonekana tapeli. Namba iwe ya mtu aliye kwenye zamu ileile. Kosa lingine ni barua isiyo na tarehe ya kuisha, ambayo hunakiliwa na kuuzwa, na baada ya hapo hata barua za kweli huanza kutiliwa shaka. Usafiri uhesabiwe pia. Nchini Kenya matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba wanane tu, kwa hiyo foleni kituoni ilirefuka na nauli ikapanda, na muuguzi anayetoka zamu ya mchana saa kumi na mbili na nusu hakuwa na dakika za kupoteza. Hospitali iliyojali ama ilisogeza zamu nyuma, ama ilikodi basi.

Madereva wa masafa marefu wanastahili kutajwa peke yao. Mipaka ilipofungwa kwa abiria, malori ya mizigo yaliruhusiwa kuvuka, na dereva akatakiwa apimwe. Malaba na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, foleni zilivuta kilomita nyingi, watu wakilala kwenye kabini ya gari siku kadhaa wakisubiri majibu ya maabara. Cheti cha kuonyesha huna virusi kilihesabiwa kuwa hai kwa siku 14, muda ambao safari ya Mombasa hadi Kampala na kurudi ingeweza kuumaliza ikikwama mpakani. Isitoshe, dereva huyo, ambaye ndiye aliyekuwa akileta dawa na mafuta, alinyooshewa kidole vijijini kama mleta ugonjwa. Mabaharia yaliwapata makubwa zaidi: kufikia mwishoni mwa 2020 wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini mikataba yao ikiwa imekwisha, kwa kuwa bandari zilipokea mizigo na kukataa watu.

Kubaki kazini hakumkingi mtu na virusi, hivyo kazi yenyewe lazima ipangwe upya. Zamu zigawanywe katika vikosi visivyokutana. Muda wa dalili za korona kujitokeza baada ya kuambukizwa ulikadiriwa kuwa hadi siku 14, na mara nyingi siku tano au sita. Kikosi kimoja kikiambukizwa, kingine hubaki kizima na huduma haifungwi. Makabidhiano yafanyike nje au kwa simu. Mahali panaposahaulika ni chumba cha chai. Watu huvaa barakoa wodini saa sita mfululizo, kisha huzivua na kuketi wanne kwenye meza moja ndogo, dirisha limefungwa.

Msafishaji apewe mafunzo kama anavyopewa muuguzi. Jiki yenye klorini asilimia 3.5 ikitakiwa kuwa asilimia 0.5, kiwango cha kusafishia damu na majimaji ya mwili yaliyomwagika, kipimo kimoja huchanganywa na vipimo sita vya maji baridi. Mchanganyiko hutengenezwa upya kila siku, kwa kuwa klorini hupungua nguvu, na jua huipunguza upesi zaidi. Uchafu uondolewe kwanza, kwani klorini ikikuta damu nyingi au matope huishia humo kabla ya kufikia virusi. Isichanganywe kamwe na siki, asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia, maana hutoa gesi inayochoma mapafu. Wapo waliodhani kukoleza dozi ni kuongeza usalama. Wakaharibu ngozi za mikono, na mkono uliochubuka haunawiki vizuri.

Kuhusu malipo, ripoti ya ILO ya 2023 ilikuta kwamba katika nchi 90 zenye takwimu, wafanyakazi wa namna hii ni asilimia 52 ya nguvu kazi yote. Wamo walimao na kuuza chakula, walinzi, wasafishaji, madereva, mafundi na makarani, mbali na wa afya. Walioajiriwa miongoni mwao hupata kwa wastani mshahara ulio chini kwa asilimia 26 kuliko waajiriwa wengine. Hili linauma, na linafaa kuuma. Mtu aliyeambiwa kwamba nchi haiwezi kuishi bila yeye hata usiku mmoja analipwa kana kwamba yeyote angeweza kuchukua nafasi yake. Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wa Kenya waligoma, madaktari wakafuata, na miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Watu hao hawakuwa wakiwakimbia wagonjwa; walikuwa wakidai vitu ambavyo vingepaswa kutangulia amri ya kuwaita kazini.

Anayebaki kazini wakati wa janga na aweke kumbukumbu zake mapema, kwa sababu fidia ya ugonjwa wa kazini, iwe kupitia sheria ya fidia ya Kenya ya 2007 au Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania, hudaiwa kwa ushahidi. Ugumu wa korona ni kwamba mwajiri husema umeipata sokoni. Nakala ya ratiba ya zamu yenye jina lako, tarehe uliyomhudumia mgonjwa aliyethibitishwa, siku ulizokosa barakoa na jina la uliyemtaarifu, siku dalili zilipoanza, na jibu la maabara: vyote hivyo viandikwe siku ileile, na taarifa kwa msimamizi iwe ya maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Nakala moja ikae nyumbani, mahali ambapo mtu mwingine wa familia anapajua.