Punki ya gereji: gereji ipi hiyo?

Ukimwambia mtu wa Ndeeba, mtaa wa magereji hapa Kampala, kwamba wewe ni mpenzi wa muziki wa gereji, kwanza atakutazama mikono aone kama ina grisi. Makanika mmoja wa rika la baba yangu aliniuliza, "Kijana wangu, huo muziki mnaupigia gereji ya nani?" Nikamwambia si gereji ya kutengeneza magari, mzee, ni chumba cha nyumbani ambamo gari hulala usiku. Akacheka sana. "Basi hiyo si gereji, hiyo ni nyumba ya gari. Na mtu ambaye hata gari lake lina nyumba, ana shida gani mpaka apige kelele?"

Swali hilo nitalirudia, maana ni zuri kuliko mengi niliyoyasikia kuhusu muziki huu.

Jina limetoka Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia familia nyingi za huko zilihamia pembezoni mwa miji, kwenye nyumba zilizojengwa pamoja na chumba cha gari. Baba akiondoka na gari asubuhi, chumba kinabaki kitupu, sakafu ya saruji, mlango mpana. Kijana wa miaka 15 anaingiza dramu, rafiki yake analeta gita na amplifaya ndogo, na mama angalau haulizwi ruhusa ya kutumia sebule. Kwa hiyo gari halihusiki kabisa, isipokuwa kwa kuondoka.

Punki ya gereji ni roki iliyovuliwa mapambo yote. Gita lenye sauti ya kukwaruza, dramu, mara nyingine kinanda cha umeme, kodi tatu (za gita, yaani nyuzi kadhaa zikilia pamoja; za serikali ni habari nyingine), wimbo wa dakika mbili hivi, na mwimbaji anayefoka zaidi ya kuimba. Hurekodiwa upesi kwa vifaa vilivyopo, na makosa huachwa humo humo. Hilo la mwisho ndilo kiini. Bendi za haraka zenye makelele ziko nyingi duniani. Zinazoacha kosa lisikike, tena zikajivunia, ni chache.

Mfano wa kosa maarufu kuliko yote uko kwenye "Louie Louie", wimbo wa Richard Berry wa miaka ya 1950, uliorekodiwa upya mwaka 1963 na The Kingsmen, vijana wa Portland, Oregon. Maikrofoni ya mwimbaji, Jack Ely, ilikuwa imening'inizwa juu, akaimba huku kanyoosha shingo kama mtu anayemwita mtoto aliyepanda mwembe. Solo ya gita ilipokwisha akaingia mapema, akashtuka, akanyamaza. Mpiga dramu akaliziba pengo kwa mapigo, kisha wakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Santuri ikatoka hivyo hivyo, ikapanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani. Maneno yake hayakusikika vizuri, watu wakadhani ni matusi, na FBI wenyewe wakaichunguza, wakaisikiliza kwa kasi mbalimbali, wakaishia kusema haieleweki. Kumbe ni baharia tu anayemkumbuka mpenzi wake.

Februari 1964 The Beatles walionekana kwenye runinga ya Marekani, watu wapatao milioni 73 wakiwatazama, na baada ya hapo kila mtaa ukawa na bendi. Nyingi zilitoa santuri moja ndogo ya inchi 7 zikapotea. The Sonics wa Tacoma hawakupotea. Albamu yao ya mwaka 1965 ina wimbo unaosifu kunywa strychnine, ambayo ni sumu ya panya, na dramu zake zinasikika kama mtu anayegonga mabati. Mwaka uliofuata ? and the Mysterians (ndiyo, jina la mwimbaji ni alama ya kuuliza), watoto wa wahamiaji wa Kimeksiko kutoka Michigan, walishika nafasi ya kwanza kwa "96 Tears", wimbo unaobebwa na kinanda chembamba kinachorudia kitu kile kile.

Sasa neno punki. Wengi hudhani lilizaliwa na akina Ramones na Sex Pistols, bendi za katikati ya miaka ya 1970, kisha baadaye likaunganishwa na gereji. Mambo yalikwenda kinyume. Kwa Kiingereza lilikuwa tusi la kumwita mtu mhuni asiye na maana. Mwaka 1971 mwandishi Dave Marsh alilitumia kwenye jarida la Creem alipokuwa akiwazungumzia hao hao Mysterians, na mwaka 1972 Lenny Kaye akalirudia katika maelezo ya Nuggets, mkusanyo wa santuri mbili wenye nyimbo 27 za zile bendi zilizopotea. Ramones walikuwa bado hawajaundwa. Yaani bendi za gereji ndizo zilizoitwa punki kwanza, na hao wengine wakalirithi jina kama nguo ya kaka.

Mtindo tunaouita punki ya gereji leo, kama kitu chenye wafuasi wake, ulikomaa miaka ya 1980 na 1990. Huko Chatham, Uingereza, Billy Childish amerekodi albamu zaidi ya 100 kwa vifaa vya kizamani. The Gories wa Detroit, walioanza mwaka 1986, walikuwa watatu bila besi. The Mummies wa California walipanda jukwaani wamefungwa bandeji mwili mzima. Guitar Wolf wa Japani ndio ninaowapenda kuliko wote, na sitatoa sababu.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kikundi chetu Kampala ni watu watano, sita siku ya chakula kingi. Tunazungumza Kiswahili kwa sababu hatuna lugha nyingine inayotukutanisha sote: mmoja ni wa Bombo, mmoja wa Busia, mmoja kaja kusoma kutoka Bukoba. Ubishi wetu ni ule ule wa wapenzi wa muziki huu popote, wa bendi gani ni ya kweli na ipi imejipaka tu vumbi. The White Stripes waliuza mamilioni, je, bado ni gereji? Wa Busia anasema hapana, aliyefika kwenye uwanja wa mpira ameshatoka gerejini. Mimi nasema ndiyo, kwa sababu albamu yao ya mwaka 2003, Elephant, ilirekodiwa London katika studio ya Toe Rag kwa mashine ya tepu ya kizamani yenye njia nane tu za kurekodia sauti, wakati fedha za kurekodi kwa namna nyingine walikuwa nazo.

Na hapo makanika wa Ndeeba anarudi. Aliyenyimwa vifaa bora hupiga alivyo navyo, hilo halihitaji maelezo. Lakini mwenye uwezo anayechagua kibovu? Jibu langu, ambalo mzee hakulikubali, ni kwamba punki ya gereji haielezi shida ya maisha, inaeleza haraka. Ni kukataa kungoja mpaka uwe hodari. Kijana yule mwenye nyumba ya gari alijua kodi tatu Jumatatu, na Ijumaa alikuwa na shughuli ya kupiga.

Mazungumzo ya vifaa ndiyo hayaishi. Ile sauti ya kukwaruza ina ukoo wake, na ukoo wote ni wa uharibifu. Link Wray alitoboa spika za amplifaya yake kwa penseli ili apate ngurumo ya "Rumble", iliyotoka mwaka 1958. Huko Nashville, hitilafu ndani ya mashine ya studio ililifanya gita la besi kwenye wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961 likorome. Fundi mitambo Glenn Snoddy, badala ya kulificha jambo, akaunda kifaa cha kutoa mkoromo huo kwa makusudi. Kikauzwa mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, mama wa pedali zote za mkwaruzo, vile vifaa ambavyo mpiga gita hukanyaga kwa mguu. Watu hawakukijali sana mpaka Rolling Stones walipokitumia mwaka 1965 kwenye "Satisfaction". Katikati hapo, mwaka 1964, Dave Davies wa The Kinks alichana koni ya spika, ile karatasi inayotikisika, kwa wembe, na matokeo yake ni "You Really Got Me".

Magita yenyewe yalikuwa ya bei ya chini. Silvertone yaliuzwa na duka la Sears la Marekani kwa katalogi, pamoja na mafriji na mashine za kufulia, na aina moja ilikuja na amplifaya ndani ya kasha lake. Leo wakusanyaji wanagombania vitu hivyo kwa bei ambayo kijana wa mwaka 1965 angeona ni mzaha. Ukipata moja, kumbuka umeme wetu ni volti 240 na wa Marekani 120. Bila transfoma utasikia mlipuko mmoja mzuri sana, na hautakuwa umeurekodi.

Je, Uganda tunao muziki huu? Wengine hutaja kadongo kamu, muziki wa Waganda, kwa kuwa jina lenyewe linaelekeza kwenye gita moja na unyenyekevu wake. Sikubali. Kadongo kamu ni muziki wa maneno: akina Paul Kafeero wanakusimulia kisa kirefu, na usiposikia neno moja umepoteza kisa. Punki ya gereji haijali kama umesikia hata moja. Bendi ya Vale of Amonition ya Kampala ni metali, roki nzito, ya mwendo wa polepole. Duma, waliotoa albamu mwaka 2020 chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa hapa, ni Wakenya, na vurugu yao imejengwa kwa mashine. Ndugu wa karibu zaidi namwona Zambia, kwenye roki ya miaka ya 1970 ya akina WITCH, ambao magita yao yanakwaruza hasa. Na kwa anayesema huu ni muziki wa wazungu, awasikilize Death, ndugu watatu Weusi wa Detroit. Walirekodi mwaka 1975, lakini albamu haikutoka mpaka mwaka 2009.

Sisi wenyewe tunajaribu. Amplifaya yetu ni ya boksi la mbao, kazi ya fundi wa Katwe, na kwa miezi kadhaa ilitoa mkwaruzo ambao hakuna pedali ingeuweza. Link Wray alikuwa na penseli, Davies wembe, sisi tulikuwa na panya: alikuwa ameila koni ya spika upande mmoja. Juzi waya wa umeme ulilegea, tukaipeleka kwa fundi aukaze. Tulipoifuata kesho yake alikuwa ameifuta vumbi, na spika ina koni mpya. "Hiyo nimewapa bure," alisema, "niliwaonea huruma." Akaiwasha, ikalia safi kama redio ya kanisa. Tukamshukuru, tukabeba. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika Kibuye, ndipo yule wa Bombo akauliza kama kuna anayejua pa kumpata panya.